Kishindo Kilichoingia Bila Hodi

Nyanya yangu alikuwa haoni, na bado sijapata kumjua mtu mgumu kudanganywa kama yeye. Nikipanda ngazi na viatu vya kisigino, sauti yake inanipokea juu, harusi ya nani tena leo? Nikija na kandambili za mpira ataniuliza mbona nimerudi mapema. Ugonjwa ulimchukulia macho angali mwanamwali, kabla hajamzaa mama yangu, na sikuwahi kumsikia akiyalilia. Akisema tu, kwa kile Kimvita chake cha kale, kwamba mato yamekwenda lakini mashikio yangalipo, na kwa kazi yake mashikio ndiyo yatakiwayo.

Kazi yake ilikuwa chuo. Kwa asiyejua mji wetu, chuo ni darasa la Kurani la nyumbani, na cha nyanya kilikuwa katika chumba cha juu cha nyumba yetu, Mji wa Kale, kimetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta, madirisha mawili yakitazama kichochoroni. Watoto wakija baada ya sala ya alasiri, wakivua viatu chini ya ngazi, wakipanda na kukaa. Wala hawakusoma kwa pamoja kama wanafunzi wa skuli. Kila mmoja alisoma mahali pake alipofika, kwa sauti yake, huyu ndio kwanza anaanza na huyu anakaribia kuhitimu, wote kwa wakati mmoja. Mtu baki akiingia humo anasikia makelele matupu. Nyanya alikuwa akisikia kila sauti mbali. Amekaa kitako kwenye mto wake, mkononi ana ufito wa kuti ambao sikumbuki umemuumiza nani, na katikati ya vurugu ile utamsikia, "Wewe wa dirishani, rudia." Mtoto wa dirishani amekosea herufi moja. Anarudia, na wenzake hata hawanyamazi.

Mama yangu alisoma pale, na wajomba zangu, na nusu ya majirani. Mimi pia nilisoma pale, na nilikuwa na mahali pamoja katika sura moja ambapo kila nikifika naruka neno. Niliruka nikiwa mtoto, nikaruka nilipovunja ungo, na nikiisoma peke yangu huku napiga pasi, naruka vilevile. Nyanya akiuliza neno lile la watu limenikosea nini.

Basi chuo hicho kilikaribia kufungwa, na kilichotaka kukifunga ni kompyuta.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo kila mtu mjini alikuwa na binamu anayesoma kompyuta. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na jumba la ghorofa mbili, warithi wake wamegombana mpaka wakachoka, popo wakarithi wao. Siku moja wakaja mafundi. Wakalipaka chokaa, wakaunganisha upya nakshi za mlango, na baada ya miezi kadhaa tukaona makasha makubwa yanapandishwa kwa kamba kupitia dirishani, kwa sababu ngazi za nyumba zetu hazipitishi kitu kipana kuliko kitanda. Mtaa mzima tulitoka kutazama. Ilikuwa kampuni ya kuwekea watu hesabu zao. Mahoteli ya ufuoni, mawakala wa mizigo ya bandarini, maduka yenye wafanyakazi wengi, wote walileta makaratasi yao pale, wasichana wakayaingiza kwenye kompyuta, na kompyuta kubwa zikayatunza. Siku hizi nyumba kama zile zina majina marefu na serikali zinazitungia sheria. Sisi tuliiita nyumba ya kompyuta, tukaelewana.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wasichana, ingawa usichana wenyewe ulikuwa umeshanipita. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa iliyonishinda, nimerudi kwa nyanya na sanduku langu na ulimi wangu, na nilikuwa nimesomea kuchapa kwa bibi mmoja kule Ganjoni. Nikapata kazi hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Wallahi niliipenda. Nilipenda vile vidole vyangu vilivyokwenda bila kuulizwa, na nilipenda kwamba mzigo uliotoka melini asubuhi, jioni umo mle ndani kwa mkono wangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilizichukia kompyuta. Hata nyanya hakuzichukia. Aliniomba nimweleze zinafanyaje kazi, nikamweleza, akasema kumbe ni hafidh asiyekula, hafidh akiwa ni yule aliyekihifadhi kitabu kizima kifuani.

Lakini hafidh yule alikuwa na masharti. Alitaka baridi kutwa kucha, kwa hivyo zikafungwa mashine za baridi, na mashine hizo joto lote zililitema kichochoroni, sawasawa na madirisha ya chuo. Tena hakutaka umeme umkatikie, nasi umeme wetu ulikuwa mtu wa safari. Kwa hivyo likaletwa jenereta, likawekwa kwenye kijiduka cha chini ambacho zamani kilikuwa cha mshoni, mlango wazi kwenye kichochoro. Na kichochoro chetu ni chembamba. Mwanamke wa kwetu akiishiwa na sukari hashuki chini, ananyosha mkono dirishani na jirani wa mbele anamtilia kwenye kikombe. Kishindo kikitoka mahali kama hapo hakina pa kwenda ila juu.

Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatika alasiri, karibu kila siku. Saa za chuo zilezile.

Siku za mwanzo nyanya aliwaambia watoto wapaze sauti. Walipaza hata wakakauka makoo. Kisha akawaita mmoja mmoja waje wasome wakiwa wamemwegemea gotini, mdomo kwenye sikio lake, na magharibi ikawa inaingia hajafika hata nusu ya watoto. Waliobaki walikuwa wanafinyana. Hewa ya moto inaingia dirishani, moshi unafuata, ukifunga madirisha mnaiva kama viazi. Nikirudi kazini namkuta nyanya amekaa peke yake mikekani, kilemba cha leso kimelowa jasho, anasema leo nimemsikia fulani vizuri, kana kwamba ananipa habari njema.

Wazazi wakaanza kuja. Na kwa vile sisi ni watu wa adabu hakuna aliyesema kweli. Huyu mtoto wake ana kifua. Huyu anampeleka kwa shangazi yake Bondeni kwa muda. Yule mtoto amekuwa mtundu, baba yake anataka amwangalie mwenyewe. Nyanya aliwaombea wote dua, akawatuma salamu kwa shangazi wa Bondeni. Mikeka ya nyuma ikaanza kukaa mitupu.

Ndipo siku moja, namchana nywele, akaniambia kwamba Ramadhani ikiingia mambo yangali hivi, atakunja mikeka.

"Sitakaa nikapokea watoto wa watu nisiowasikia," akasema. "Watakosea, mimi nitasema vizuri, na hayo makosa watayasoma mpaka kufa kwao. Huo mzigo siuwezi."

Niliendelea kuchana kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Mwanamke yule alikuwa amefunga macho ya ujana wake akafungua kitu kingine mahali pake, na sasa kinachukuliwa hicho pia, na mchukuaji ndiye anayenilisha mimi. Nilihisi hasira mpaka meno yakauma.

Kesho yake nikaenda kwa meneja. Ningefurahi kuwaambia alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Alikuwa kijana wa Rabai aliyesoma ng'ambo, akikaa Tudor na mama yake, mpole, mwenye kumshikia mlango hata yule mama wa kufagia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole. Kisha akanionyesha leseni yake imetundikwa ukutani, imeandikwa ofisi, na akaniuliza bila jeuri yoyote ni sheria gani aliyoivunja. Akiihamisha mashine ile bila kulazimishwa, wakubwa wake watamuuliza kwa nini. Nikamwambia majibu ninayo mengi ya kumpa awapelekee. Akacheka, akaniambia ndiyo maana mimi hanipeleki kwao.

Nikaenda kwa bwana afya. Huyu ni mkaguzi wa baraza la mji, yule anayeingia mikahawani kutazama sufuria na anayeogopwa na wenye mabucha kuliko polisi. Alikuwa Mdigo wa kusini, mnene, wa tabasamu la haraka, na alikuwa na kitabu cha kanuni kilichochakaa kwa kufunuliwa. Akakifunua mbele yangu. Kinu cha kusaga kimo, kina saa zake na ukuta wake. Gereji imo. Tanuri la mikate limo, na moshi wake. Kompyuta hamna. Nikamwambia basi aiandike kuwa ni kinu cha kusaga, maana watoto wetu wanasagwa. Akasema dada, mimi siandiki nisichokiona. Lakini kero ni kero, hata kama aliyeileta hajatajwa kitabuni, na akaahidi kuja keshokutwa baada ya alasiri asikie kwa masikio yake. Akiandika kwamba amesikia, kamati ya madiwani inaweza kuweka masharti kwenye leseni.

Nilirudi nyumbani nikimwimbia nyanya. Na kosa langu, ikiwa ni kosa, ni kumwambia kwamba mtu wa serikali atakuja kwetu.

Siku yenyewe nilikwenda kazini. Umeme ulikatika mchana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikashukuru. Jenereta likaanza kunguruma, meza ikatetemeka, kikombe changu cha kalamu kikaanza kutembea kama kawaida yake. Nikasema leo atasikia. Adhana ikapita, alasiri ikasaliwa, nikawa nachapa na jicho moja liko dirishani, dirisha ambalo hatukulifungua kamwe kwa ajili ya kelele.

Kisha jenereta likanyamaza.

Taa za kompyuta hazikuzimika. Kulikuwa na mabetri ya akiba ambayo yangeweza kuzishika kwa muda wa mtu kula sahani moja ya wali na kunawa. Ndio muda uliotumika. Nilishuka zile ngazi sijui nilizigusa ngapi. Chini nikamkuta bawabu wa jenereta, mtu mzima wa Kaloleni, mcha Mungu aliyekuwa akimwita nyanya Mama Mwalimu na kumwamkia kila asubuhi. Amekaa kizingitini, sahani ya wali iko mapajani, imefunikwa kawa. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba Mama Mwalimu ameomba azime kidogo, ana mgeni anakula.

Nikapanda kwetu. Bwana afya amekaa mkekani, amevua viatu, mbele yake sinia, na katika sinia wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari ya maembe mabichi, na pembeni mahamri yamepangwa kwa baadaye. Chuo kitupu. Watoto, nyanya amewapa ruhusa wakacheze, mgeni asije akasumbuliwa. Madirisha wazi, upepo unaingia taratibu, kunguru mmoja analia mbali huko. Bwana afya akaniambia kwamba mtaa wetu ni mtulivu mashallah. Yeye anakaa juu ya gereji, akasema, anatamani kuhamia huku.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ulimi wote niliopewa na Mungu. Alinisikiliza, akamaliza hamri lake akapiga alhamdulillahi, na akasema kwa huruma kwamba ananiamini, lakini alikuja kusikia na hakusikia. Akamshukuru nyanya, akamwombea, akavaa viatu. Hajafika kona ya msikiti, jenereta likawaka.

Nikamgeukia nyanya. Yeye alikuwa amekaa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Nikamuuliza kwa nini, kwa jina la Mola, kwa nini.

"Mgeni atakulaje na kishindo kile?" akasema. "Chakula hakimshuki."

Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nyanya naye, polepole, nikauona uso wake unabadilika, akafunika mdomo kwa leso. Alikuwa amefahamu. Tulicheka wote wawili na jenereta linanguruma chini, hata machozi yakatutoka, na nyanya akawa anasema lo, nimemlisha hukumu yangu. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akaniuliza kama atakuja tena. Nikasema atakuja, na moyoni sikuwa na yakini.

Nilimwendea bwana afya mara nyingi kuliko ilivyo heshima. Aliponiona mlangoni alikuwa akianza kutabasamu na kutikisa kichwa pamoja. Alisema ripoti ameshaipeleka, imesema kimya. Alisema kitabu chake hakina kompyuta. Nikamjibu kwamba kitabu kiliandikwa na watu, na watu hao hawakuwahi kuona kompyuta, na kwamba kinu cha kwanza kilipoletwa mji huu bila shaka kuna mwanamke alikwenda kupiga kelele ofisi fulani mpaka kikaandikwa. Hapo akaacha kutabasamu. Akafikiri. Akaniambia atakuja, siku asiyoitaja, na kwamba nikitaka kumsaidia nisimwambie mtu, na nyumbani wasipike.

Alikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeumwa na kichwa, niko nyumbani, ndipo nikabahatika kuwapo. Jenereta linawaka, chumba cha moto, watoto waliobaki wamelowa. Nyanya aliposikia ni nani akataka kuinuka. Nikamkalisha. Akanong'ona kwamba hatuwezi, mtu aingie atoke kinywa kikavu? Tukapatana maji ya mtungi, basi. Aliyapokea bwana afya, akayanywa, akakaa mkekani nyuma ya watoto kama mtoto mkubwa aliyechelewa.

Wakasoma. Nyanya akamwita msichana mmoja aje karibu, mtoto mwenye sauti nyororo, kati ya wale waaminifu wasiokosa hata siku. Akasoma sura fupi ambayo sote tunaijua, na kwa haraka au kwa joto akaruka aya nzima. Wenzake walioko karibu wakaacha kusoma. Mimi nikasubiri. Bwana afya, ambaye kumbe naye alilelewa chuoni kwao kusini, akainua kichwa akasubiri pia.

Nyanya akasema, "Vizuri. Endelea mbele."

Hakuna aliyecheka. Watoto walitazamana, na yule msichana akaanza kulia, kwa sababu alijua amekosea na alikuwa akingoja arudishwe. Sijawahi kuona aibu kama ile ambayo si ya mtu yeyote mle ndani. Bwana afya akasogea mbele akapiga magoti karibu na sikio la nyanya, akamwambia kwa upole mtoto ameruka aya. Mkono wa nyanya ukapapasa mkekani ukautafuta ufito, ukaushika, ukauachia.

"Sijasahau, mwanangu," akamwambia. "Sijasikia."

Bwana afya akamfuta yule mtoto machozi na leso yake ya serikali, akamwambia asome tena, na yeye akasimama dirishani akatazama chini, akatia mkono nje kwenye ile hewa ya moto, akauacha kule mpaka ikabidi aurudishe. Alipoondoka hakula, hakusema mtaa mtulivu. Akaniambia mlangoni kwamba amesikia.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, serikali haijawahi kuwa na haraka na mtu. Lakini kamati ikaja, madiwani watatu na karani, wakasimama kichochoroni wakizungumza kwa kupigiana kelele hata mmoja wao akaomba twende mbali tukasikizane, na karani akaliandika hilo. Meneja alikuwapo, amevaa tai, amekonda ghafla. Alidhani atafungiwa. Wenzangu kazini walidhani hivyo pia, na wawili waliacha kuniamkia. Mimi nilisema mbele ya kamati, na nikirudiwa nitasema hivyohivyo, kwamba sitaki ifungwe. Ile nyumba ilikuwa ya popo. Leo ina taa, ina mishahara, ina mimi. Nataka ikae na watu, na kukaa na watu kuna kanuni zake, na kama kanuni hazijaandikwa, wenye kalamu ndio nyinyi.

Nyanya alishushwa ngazi, akaletewa kiti. Meneja akamwamkia shikamoo, akamwomba radhi, akajaribu kueleza kwamba hakujua. Nyanya akamtafuta kwa mkono mpaka akampata begani.

"Mwanangu, ungekuja kunena nami ningekwambia saa za watoto," akasema. "Wewe mtu mwema. Lakini kishindo chako kiliingia kwangu bila hodi."

Kijana yule akainama akiwa na tai yake, mkono wa nyanya ungali begani, akasema, "Hodi, Mama Mwalimu." Nyanya akamwambia karibu. Madiwani walitazama pembeni, na bwana afya akatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Masharti yalipotoka, leseni ya nyumba ile haikusema ofisi tu tena. Jenereta liondoke kichochoroni, liwekwe ua wa ndani, nyuma ya ule ukuta mnene wa mawe, na bomba la moshi lipande kupita paa. Mashine za baridi zigeuzwe upande wa barabara unaopigwa na upepo, ambako hakuna dirisha la mtu. Na jambo lililonipendeza kuliko yote, tangu siku ile anayetaka kuleta mashine kama zile popote kisiwani, kabla ya leseni majirani waulizwe kwanza. Bwana afya alikuja mwenyewe kutueleza. Safari hii tulipika, akala, na akasema kitabu chake kimepata jamaa mpya, kompyuta sasa imo, iko kati ya gereji na tanuri la mikate.

Mafundi wakajenga. Bawabu akahamia uani na jenereta lake, na kila asubuhi alipita mbele kwanza kumwamkia Mama Mwalimu. Watoto wakarudi kidogokidogo, kila mmoja na dawa iliyomponya kifua. Shangazi wa Bondeni naye inaonekana alimchoka mgeni wake. Nyanya hakumuuliza yeyote lolote. Akawapangia mikeka.

Alasiri moja, Ramadhani iko mlangoni, nilikuwa mezani kwangu naingiza mizigo ya bandarini. Umeme ulikatika. Nilisubiri kile kishindo kwa mazoea, na kilichokuja ni mngurumo wa mbali, kitu cha nyuma ya nyumba, unaweza kuzungumza juu yake. Nikainuka, nikafungua dirisha. Lilikuwa halijafunguliwa tangu lipakwe rangi, ikabidi nilipige kwa kiganja. Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kupeana sukari, madirisha ya chuo yalikuwa wazi na ile vurugu yote ikaingia, sauti thelathini au zaidi, kila moja mahali pake. Wasichana wenzangu wakaacha kuchapa wakasikiliza. Mmoja wa wale wawili walioacha kuniamkia akaniambia nisilifunge.

Nikarudi mezani, vidole vikaendelea. Na mtoto mmoja ng'ambo ile alikuwa anaisoma ile sura yangu, nami bila kufikiri nikawa namfuata chini kwa chini, kwa sauti ndogo, mtu anavyoimba akiwa jikoni. Nikafika pale mahali. Mtoto akapita salama. Mimi nikaruka neno.

Ndani ya makelele yote yale ufito ukagonga sakafu.

"Na wewe uliye kwenye kompyuta," nyanya akasema, "rudia."